Ulimi wa Mwalimu Mkuu na Maji ya Kabichi

Mgeni rasmi, Mama Verediane, mkaguzi wetu. Mwalimu Mkuu Hitimana. Walimu na wazazi wetu:

KARIBU
Sisi wanafunzi wa Klabu ya Sayansi tunakukaribisha Gisenyi kwa furaha. Mwalimu Mkuu ametuomba tusitaje habari za ulimi. Tumejitahidi, lakini historia yetu ni hiyo hiyo.

HISTORIA
Shule haina karatasi za kupimia asidi na besi. Mwenzetu Kabatesi akaleta kabichi nyekundu kutoka kwa bibi yake, kijijini Kanama. Tukaichemsha, tukachuja maji ya zambarau. Ukitia limau, yanakuwa mekundu. Ukitia sabuni, kijani.

Siku ya wazazi tuliacha jagi mezani. Mwalimu Mkuu akaja na kiu, akanywa glasi mbili. Mpishi wetu, Mama Mukandayisenga, akapiga kelele:

“Mwalimu, acha! Hiyo haiko jus!”

“Bon, iko nini?”

“Iko maji ya kabichi ya batoto!”

Ulimi ulishakuwa zambarau. Akakimbilia mswaki. Mgeni rasmi, dawa ya meno ni besi: ulimi ukageuka kijani, na wazazi walikuwa wanasubiri hotuba ya usafi. Mzazi mmoja akauliza kama ugonjwa huo unaambukiza. Kabatesi, kwa huruma, akampa Mwalimu Mkuu limau anyonye. Ulimi ukawa wa waridi.

Klabu ikafungwa siku hiyo hiyo. Sufuria yetu ikachukuliwa.

MAFANIKIO
Katika mtihani wa muhula, darasa zima lilijibu sawasawa swali la asidi na besi. Hata Rugwiro, ambaye huchora mbuzi tu, aliandika: “Dawa ya meno ni besi. Nilimwona Mwalimu Mkuu kwa macho yangu.”

CHANGAMOTO
Tunafanya majaribio nyuma ya choo, kwa kopo la maziwa. Mvua ikinyesha, sayansi inakwisha.

MAOMBI
Tunaomba radhi kwa Mwalimu Mkuu, kutoka moyoni. Tunaomba klabu ifunguliwe na sufuria irudi.

Juzi tulipeleka madaftari ofisini. Sufuria yetu ilikuwa juu ya jiko lake la mkaa, inachemka. Mwalimu Mkuu alikuwa peke yake, anadondoshea limau kwenye kikombe cha maji ya zambarau, anacheka kama mtoto. Hatukugonga mlango. Kwa hiyo, mgeni rasmi, ombi la mwisho: naye aandikishwe mwanachama.

Mungu akulinde njiani na akuzidishie afya.

Imesomwa na Isimbi, kwa niaba yetu sote,
Klabu ya Sayansi, wanachama kumi na tisa, labda ishirini.