Babu Hakuangusha Machela kwa Uvivu

Shikamooni wazee. Vijana, mambo. Asanteni kwa kunialika hapa Chonyonyo. Mnivumilie tu nikipaza sauti.

Kwetu Kyerwa, mgonjwa akizidiwa tunambeba kwa machela ya miti hadi barabarani, kwa zamu. Penye mlima wabebaji wanatukanwa makusudi, eti hasira inaleta nguvu. Mimi ukinitukana napaa kweli! Ikafika zamu ya babu yangu.

"We mzee, mkeo angeshafika!"

"Mwacheni, kabeba pombe ya rubisi tumboni!"

Babu akajikaza, akaanguka. Machela ikainama, mgonjwa nusura aporomokee migombani.

Ndugu zangu, nawaambia, hata kumwinua hawakumwinua. Chama chetu cha kuzikana, ndicho kinachobeba na wagonjwa, kikamfukuza: mvivu, kafanya kusudi. Na walionyoosha mikono afukuzwe ni watu aliowachimbia baba zao makaburi! Ptuu!

Babu akaacha kula. "Mjukuu wangu, nitazikwa kama mbwa."

Nikampeleka zahanati. Muuguzi akampima, ugonjwa hakuuona. Akatupandisha wote kilima cha nyuma, tuliporudi akanishikisha mkono wa babu, halafu wangu mwenyewe. Mshipa wangu unaruka kama mbuzi, wake umeongeza kidogo tu.

"Ukikasirika au ukipanda mlima," akasema, "neva zinamwaga kemikali ya kuuamuru moyo ukimbie. Wako unaitika hapohapo. Wa mzee unamwagiwa hata zaidi, ila umeshakuwa mzito kusikia. Mkimtukana mnamuumiza bure."

Nikasoma kwenye simu mpaka bando likakata. Kweli tupu! Nikamwomba muuguzi twende mkutanoni.

"Kaa chini, mtoto," mwenyekiti wa chama akaniambia. Naye mvi tupu.

"Sikai! Waitu, mzee wetu, wewe na mwanao pandeni hadi kwenye ule mbuni wa kahawa kule juu, mrudi."

Watu wakacheka. Wakapanda. Mzee karudi anahema, muuguzi akamshikisha mkono wa mwanawe, halafu wake mwenyewe. Akashika tena.

"Mrudisheni mzee mwenzangu," mwenyekiti akasema.

Siku hizi mlimani tunabeba sisi vijana, na matusi tunatupiwa sisi. Wazee wanatangulia kufungua njia.

Namshukuru yule muuguzi, na mwenyekiti kwa kukubali mbele za watu. Ninyi, msimpime mzee kwa moyo wa kijana. Babu anakula, ana watu wa kumzika. Ila wale walionyoosha mikono, nawasalimia kwa mdomo tu. Hapo bado sijapona. Niombeeni.