Mraba wa Kumi na Saba: Maisha ya Fundi Pampu, Mzamiaji wa Kujitolea

Karatasi za ratiba mlizoshika zina tarehe ya Alhamisi, iliyokatwa kwa kalamu na kuandikwa Jumamosi, nakala zote mia mbili. Mchapaji hana kosa. Marehemu amewasubirisha siku mbili kwa makusudi, na sababu mtaisikia humu humu. Ninayesoma ni mdogo wake, niliyemfuata kuzaliwa, na kwa miaka ishirini na minane nilikuwa mshika kamba wake.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Pampu, alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1968, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba alikuwa mwangalizi wa mashine kwenye nyumba ya pampu, na nyuma ya nyumba hiyo kulikuwa na tangi la saruji lililokuwa wazi. Siku moja Baba aliangusha spana namba kumi na tisa ndani ya tangi, akasimama ukingoni akikuna kichwa. Dada, akiwa na miaka minane, aliruka na nguo zake za shule, akakaa chini muda ambao Baba alisema ulimzeesha, akatoka na spana pamoja na kijiko cha Mama kilichopotea mwaka uliopita. Mama alimchapa kwa ajili ya nguo, halafu akamshukuru kwa ajili ya kijiko. Dada alikuwa akisema kwamba hapo ndipo alipojua kazi yake itakavyolipwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, na sekondari kuanzia 1982 hadi 1985. Wasifu wa watu wengine hapa husema marehemu alikuwa mwanafunzi hodari. Wetu hakuwa hodari. Alipenda hesabu na ufundi, mengine aliyasindikiza tu, na ripoti yake ya mwaka wa tatu, ambayo bado tunayo, imeandikwa, "Ana akili lakini hashauriki." Mwaka 1986 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1988 kama fundi wa pampu na mitambo ya maji.

Aliajiriwa tarehe 1 Februari 1989 kwenye bwawa lililo juu ya mji, akafanya kazi hapo mpaka alipostaafu kwa hiari mwaka 2018. Kazi yake ilikuwa kuzifungua pampu, na magugu yalipoziba nondo za mdomo wa bomba, kushuka chini na kuyang'oa kwa mkono. Tarehe 6 Mei 1997 alishuka kung'oa magugu akamkuta mtu. Alikuwa mwalimu wa shule ya jirani, aliyekuwa akitafutwa kwa siku kumi na moja. Ofisi ya bwawa ilimwambia Dada apige simu, halafu arudi kazini angoje wahusika. Wahusika walifika kesho yake. Dada hakungoja, alimtoa mwalimu mwenyewe, akamfunika kwa koti lake la kazi, akaketi naye ukingoni mpaka mke wa mwalimu alipofika. Jioni aliniambia, "Yule mama alinishika mkono akauliza swali moja tu, kwa nini siku zote hizo hakuna aliyeingia majini."

Kikundi kilianza hapo, kikiwa na watu wawili, yeye majini na mimi kwenye kamba. Baadaye tukafika sita. Maji yetu ni ya tope, na ukishuka mita mbili macho hayana kazi tena, unatambaa chini ukipapasa kwa mikono. Kwa hiyo tuligawa bwawa na mto kwa miraba ya mita kumi kwa kumi, tukaichora nyuma ya kalenda kuukuu. Mraba uliokwisha kupapaswa niliutia alama ya mkasi, yaani X. Kamba ndiyo ilikuwa mdomo wake. Akivuta mara moja, yuko salama. Mara mbili, anataka kamba zaidi. Mara tatu, amepata. Akivuta mfululizo, nimtoe haraka, na mshika kamba haruhusiwi kuzungumza na mtu yeyote, hata akiitwa na mama yake mzazi. Kwa namna hiyo Dada na wenzake waliwatoa watu thelathini na mmoja na magari kumi na mawili.

Tarehe 21 Novemba 2024 ofisi inayosimamia mto ilituandikia barua ya kutukataza kuingia majini, kwa madai kwamba tunaleta taharuki kwa wananchi. Dada aliisoma barua ile mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaanza kwenda nayo mtoni. Mlinzi wa geti la kuingilia mtoni akimwuliza, "Mna barua?" alimjibu, "Tunayo," akaipunga kwa mbali. Alipita hivyo mara nne. Naona baadhi yenu mnacheka, na yule mlinzi, aliyepo hapa leo, ameinamisha kichwa. Asijali, yake ninayo mengine ya kusema, tena mazuri.

Aliolewa tarehe 18 Desemba 1993 na shemeji yetu, kinyozi, ambaye mpaka leo hajui kuogelea na hataki kufundishwa. Walijaliwa watoto wawili. Shemeji alijipa kazi ambayo hakuna aliyempangia. Tulipokuwa majini, alikaa na familia ya aliyepotea, akawageuza wote wakae wakiupa mto mgongo, kwa sababu mtu akiitazama kamba kila ikitikisika anakufa kidogo. Aliwapigia soga za mpira, za wateja wake, za bei ya wembe. Watu waliomwona mara ya kwanza walidhani hana adabu. Kuna baba mmoja alimwambia, "Bwana, mwanangu yuko majini, wewe unaniletea habari za magoli?" Shemeji akamjibu, "Mzee, mke wangu naye yuko majini. Nisipoongea nitalia, na wewe leo hutaki kuona kinyozi analia." Yule baba akamsogezea nafasi kwenye benchi.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo watu wawili wa heshima wameniomba, mmoja kwa simu na mwingine nyumbani kwangu, nisilitaje msibani. Nimewasikiliza mpaka mwisho, na ninalitaja.

Tarehe 9 Agosti 2024, siku ya Ijumaa, mto ukiwa umefurika, dereva wa duka la vifaa vya ujenzi aliondoka na pikapu iliyobeba mifuko arobaini ya saruji. Hakufika. Muuza vocha aliyekuwa karibu na kivuko alisema amesikia kishindo majini. Ofisi ile ile ya mto ikaandika kwamba muuza vocha hakuona kitu, kwamba dereva ametoroka na gari na mzigo, na faili likafungwa. Mkewe, fundi cherehani, akawa mke wa mwizi. Wateja walichukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Watoto wake waliitwa majina shuleni. Alikuja kwa Dada mwezi Septemba, hakuomba gari wala rambirambi. Alisema, "Fundi, kama amenikimbia, nitajua la kufanya. Kama yuko majini, namtaka. Ninachoshindwa ni kukaa katikati."

Tulipapasa miraba ishirini na tatu. Kwenye mraba wa kumi na saba kuna gari bovu la zamani, bodi tupu lililotupwa humo miaka mingi, ambalo wazamiaji huliita Mwenyeji kwa sababu kila ukishuka unalikuta. Tarehe 2 Novemba 2024 Dada alishuka hapo, akagusa chuma, akarudi juu akitetemeka kwa baridi. "Ni Mwenyeji tu," alisema. Nikatia alama ya mkasi.

Mwezi Februari mwaka huu alianza kuumwa tumbo na kupungua mwili. Tarehe 3 Machi madaktari walituambia ni saratani ya kongosho, na kwamba imekwisha kusambaa. Wapo waliosema maji ndiyo yamemmaliza, kwamba ni ukaidi wake uliompeleka. Nilimwuliza daktari waziwazi, mbele ya Shemeji, naye akasema maji hayahusiki hata chembe. Wenye maneno hayo nawaomba wayaache hapa hapa.

Jumapili tarehe 28 Septemba, hospitalini, binti yake, ambaye ni muuguzi na mzamiaji, alikuwa akimhamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu. Mkono wa Dada ulitua juu ya tairi la kiti, akauacha hapo, akalipapasa taratibu huku amefumba macho. Tulidhani maumivu yamemzidi. Kisha akaniita.

"Mdogo wangu, Mwenyeji ana matairi?"

"Hana, Dada. Ana ringi tupu."

"Basi siku ile sikumgusa Mwenyeji. Nilishika mpira. Mkono ulijua, kichwa kikauwahi kujibu kwa sababu kilishazoea."

Halafu akasema, nami nayaandika kama alivyoyatamka, maana aliagiza yaandikwe, "Kwenye wasifu wangu sema nilikosea. Sema nimemwacha yule mama katikati kwa miezi kumi na mmoja zaidi kwa sababu nilikuwa na baridi na nilikuwa na uhakika. Ukishamaliza kusema hivyo, sema na wao wa ofisini hawakutafuta kabisa."

Nimesema.

Kesho yake nilikwenda ofisini kuomba kibali. Niliambiwa faili limefungwa. Nilirudi Jumatano, nikaambiwa mhusika yuko semina. Dada alifariki Jumanne tarehe 7 Oktoba 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, mkono mmoja kwa Shemeji na mwingine kwa binti yake. Usiku uliotangulia alikuwa ametuachia agizo moja tu, kwamba tusimzike kabla hatujarudi mraba wa kumi na saba.

Hapo ndipo nyumba ilipowaka moto. Shangazi yetu, ambaye nampenda na ambaye najua atanisamehe, aligonga meza. "Mnamweka mtoto wetu kwenye jokofu kwa ajili ya gari la watu?"

Shemeji alimjibu kwa sauti ya chini. "Shangazi, hatutafuti gari. Ndani yake kuna mtu."

"Na maiti yetu je?"

"Yetu tunajua iliko."

Shangazi akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu, kisha akauliza wazamiaji watakula nini. Alitupikia siku zote tatu.

Getini mlinzi aliuliza kama tuna barua. Nilimpa ile ile, mkononi, kwa mara ya kwanza. Aliisoma yote, hadi muhuri, akaikunja na kunirudishia. "Pole na msiba," alisema, akafungua geti. Jumatano na Alhamisi maji yalikuwa na nguvu, tukatoka mikono mitupu. Jana Ijumaa, tarehe 10 Oktoba, alishuka binti wa Dada. Shemeji alikuwa kwenye benchi na mke wa dereva, wote wawili wameupa mto mgongo, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo Shemeji hakuwa na hadithi. Mke wa dereva ndiye aliyeongea. Alimweleza jinsi ya kushona kola.

Saa kumi na moja na dakika ishirini kamba ilivutwa mara tatu. Nilingoja kama kuna ya nne. Haikuja.

Pikapu ilikuwa imeegemea ubavu wa Mwenyeji, matairi yote manne, milango imefungwa. Mifuko arobaini ya saruji iko nyuma, imeganda kuwa mawe, turubai bado limefungwa kwa mafundo yake. Dereva alikuwa kwenye kiti chake, mkanda kifuani. Nauliza ofisi, maana naona imetuma mwakilishi wake, yule aliyekaa karibu na mlango: mtu anayetoroka na mali ya watu hufunga mkanda akakaa chini ya maji miezi kumi na minne? Hatuhitaji jibu leo. Tunalihitaji kwa maandishi, na liandikwe kwa jina la mkewe.

Nilipomwambia mke wa dereva, hakupiga kelele. Aliniuliza alikuwa amevaa nini. Nikamwambia shati la bluu. Akasema, "Nililishona mimi," akamshika Shemeji mkono, wakakaa hivyo hadi giza.

Marehemu ameacha mume ambaye ni kinyozi, binti ambaye ni muuguzi, mwana ambaye ni fundi umeme, wajukuu watatu, mdogo wake wa kiume ambaye ni mimi, na mdogo wetu wa mwisho wa kike, shangazi mmoja, na wazamiaji wenzake, ambao tunawahesabu kuwa wa nyumbani. Ameacha pia orodha ya watu sita ambao hatujawapata. Familia zao ziko hapa leo, na nawaomba msimame mwonekane. Asanteni. Kaeni.

Jumamosi ijayo, tarehe 18 Oktoba, saa nne asubuhi, anazikwa dereva. Mkewe ameniomba niwaalike wote, hasa waliochukua vitambaa vyao. Wasifu wa mumewe atausoma yeye mwenyewe.

Dada yetu, pumzika kwa utulivu, umefanya yako. Jumatatu asubuhi sisi tunaingia majini, na kibali bado hatuna.