Nuktamkato Moja

Asubuhi moja mwaka 1998, ndani ya treni iliyotoka Dodoma, Bi Stara aliketi karibu na binti aliyekunja uso juu ya daftari. Binti alimwamkia, akajitaja kuwa Shamila, mwanafunzi wa kompyuta.

"Programu yangu imenishinda, mama. Nimeiamuru: kama alama ni hamsini au zaidi, andika 'Umefaulu'. Sasa hata mwenye kumi anafaulu. Nisipoirekebisha kufikia Jumatatu, narudia muhula."

Bi Stara hakupenda habari za kompyuta. Alikuwa mpiga chapa miaka ishirini, mpaka kompyuta zilipoletwa ofisini, akapunguzwa kazini na taipureta yake ikatupwa stoo. Lakini macho yaliyozoea kusahihisha yakashuka yenyewe kwenye ukurasa.

"Hii nuktamkato ya nini?" aliuliza. "Umesema 'kama alama ni hamsini au zaidi', ukakata hapohapo. Sharti limeisha kabla ya kuamuru chochote. Hilo 'Umefaulu' la chini linaandikwa kwa kila mtu."

Shamila alitazama, akaifuta. "Wiki nzima sikuiona."

Mzee wa kiti cha mbele, aliyejifanya amelala tangu Dodoma, alifumbua macho.

"Darasani kwetu kuna nafasi, mama," Shamila alisema.

"Nina miaka hamsini na mbili, mwanangu."

"Fomu haiulizi umri."

"Mimi ndiye ninayeuliza."

Treni ilisimama Gulwe. Bi Stara alibeba kikapu chake, akafika mlangoni, kisha akageuka.

"Herufi za kompyuta zimepangwa kama za taipureta?"

"Vilevile, mama."