Redempta Kokugonza Mutalemwa, Aliyeingoja Dhoruba ya Atlantiki

Baba Paroko, wazee wetu, viongozi wa jumuiya, ndugu, jamaa na marafiki mliofika kutoka karibu na mbali, familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya mpendwa wetu, nami nitayasoma kama tulivyoyaandika pamoja jana mezani kwake, nyumbani Hopkins, tukikatizana, tukicheka na kulia kwa zamu.

Marehemu Redempta Kokugonza Mutalemwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Abigail, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1972 huko Kamachumu, katika mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi na ambao leo ni Kagera, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Sylidion Mutalemwa, karani wa chama cha ushirika cha kahawa, na Mama Yustina, ambao wote wametangulia mbele za haki.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1980, na mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, mvua ya mawe ilipiga kijiji chao kwa muda usiozidi robo saa, ikaangusha kahawa yote ya baba yake pamoja na migomba ya jirani, na Redempta, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, akamuuliza baba yake, "Kwa nini hakuna mtu aliyetuambia?" Mzee Sylidion akampa daftari la ofisini lililobaki kurasa, na tangu siku hiyo mtoto akawa anaandika kila asubuhi upepo unatoka wapi, mawingu yana rangi gani na mvua imejaza kopo kiasi gani, kazi ambayo hakuiacha hata alipokuwa akilala bweni, kwani alijiunga na Sekondari ya Wasichana Rugambwa mwaka 1987, akamaliza kidato cha nne mwaka 1990, akaendelea na kidato cha tano na cha sita katika mchepuo wenye Jiografia, kisha akafundisha somo hilo mjini Bukoba hadi mwaka 1999.

Tarehe 28 Agosti 1999 aliingia Minnesota kuanza masomo ya chuo kikuu hapa Saint Paul, na ndugu zake wanakumbuka barua yake ya kwanza ya mwezi wa Januari, ambapo badala ya kulalamika kama wageni wengine wote, aliandika kurasa nne za furaha kueleza kwamba ametema mate nje ya mlango ili aone kama ni kweli yanaganda, na kwamba atarudia jaribio hilo siku yenye baridi zaidi.

Katika kwaya ya Kiswahili ya jijini hapa alikutana na Bwana Laurean Kaijage, mwimbaji wa sauti ya nne ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kuangalia juu hadi alipoonyeshwa, wakafunga ndoa takatifu tarehe 8 Julai 2000, na Mungu akawajalia watoto wawili, Abigail aliyezaliwa tarehe 12 Novemba 2001, na Davis aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2005.

Baada ya kuhitimu mwaka 2003 alifanya usafi hotelini kwa muda, kisha mwaka 2004 akaajiriwa katika ghala moja huko Eagan kupanga safari za malori, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na moja kwa moyo wote, kwa sababu ilimpa ruhusa ya kufanya kile alichokipenda, yaani kumpigia dereva aliye njiani na kumwambia, "Simama hapo hapo kwenye kituo cha mafuta, kunywa kahawa mbili, dhoruba ikipita utaendelea," na madereva walimtii, nao wamejaa leo katika viti vile vya nyuma.

Mmoja wa madereva hao ni Bwana Nahashon, mzaliwa wa Nakuru, ambaye kwa kuokolewa mara tatu na simu za marehemu alianza kupenda ramani za hewa yeye mwenyewe, na mwaka 2013 wakaanzisha pamoja kikundi walichokiita Wachungulia Mbingu, wakajiunga nao Bwana Birindwa, fundi umeme wa mtaa wa Phillips mwenye asili ya Bukavu, na Dada Haika, mhandisi, wakawa wanakutana kila Jumamosi nyumbani kwa marehemu na kompyuta zao, chai ya tangawizi na maandazi, wakibishana juu ya upepo kama wengine wanavyobishana juu ya mpira. Tufani za theluji za hapa kwetu walikwisha kuzizoea, na kilichowavuta zaidi kilikuwa zile dhoruba kubwa za majira ya baridi zinazozaliwa baharini, upande wa Atlantiki, zikipanda kandokando ya pwani ya mashariki na kupata nguvu kwa siku moja tu, na marehemu alizifuatilia kwenye kioo kwa zaidi ya miaka ishirini bila kuwahi kuiona hata moja kwa macho yake.

Hatutaficha, kwani yeye mwenyewe alipenda kusimulia, kwamba mwezi wa Desemba 2019 aliwashawishi viongozi wa jumuiya kuahirisha sherehe ya Uhuru kwa sababu ya theluji ya kufika magotini, ng'ombe akiwa amekwisha kuchinjwa na pilau ikiwa jikoni, na siku ile likawaka jua zuri kuanzia asubuhi hadi jioni, watu wakambandika jina la Mama Jua, naye akacheka kuliko wote. Lakini Abigail, aliyekuwa na miaka kumi na minane na aliyeona haya mbele ya wenzake, alimwambia kwa Kiingereza neno lililomwingia, kwamba yeye anapenda dhoruba kiasi cha kuwatakia watu, na tangu siku hiyo marehemu hakumpa tena binti yake utabiri wowote, hata wa manyunyu.

Abigail alihamia Massachusetts mwaka 2023 kufanya kazi katika duka la dawa kwenye mji mdogo wa pwani, akapanga chumba cha chini, kilichozama nusu ardhini, hatua chache kutoka ukuta wa bahari.

Tarehe 3 Februari mwaka huu, 2025, madaktari walimweleza marehemu kwamba ana saratani ya kongosho, wakapanga aanze matibabu Jumatatu ya tarehe 24, na akamwomba Bwana Laurean asimwambie mtu yeyote kwanza. Jumatano ya tarehe 19, kikundi kikiwa kimekutana kwa dharura, dhoruba ilikuwa inajikusanya chini kule Carolina, na utabiri mwingi ulisema itapita mbali baharini, lakini marehemu aliitazama ramani kwa muda mrefu bila kugusa chai, akasema haitapita mbali, itapinda, na itafika Jumamosi saa nne na nusu asubuhi, wakati uleule maji yanapojaa. Nahashon akasema, "Mathe, ukikosea tena hii, watakuita Mama Kiangazi," Birindwa akajibu kwa niaba yake, "Mimi naona kama yeye, hii ni sérieux, si ya mchezo," naye marehemu akaondoka mezani, akaingia chumbani, akampigia binti yake.

Abigail alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa Kiingereza kama hii ni sawa na ile ya sherehe ya Uhuru, na mama yake, ambaye angeweza kumweleza habari za ugonjwa na kumaliza ubishi palepale, alisema tu, "Inawezekana nimekosea," akamtakia kazi njema, akakata simu, na kabla ya chakula cha jioni alikwisha kupata tiketi mbili za ndege.

Bwana Laurean alipinga, akamkumbusha habari za Jumatatu na maumivu yake, lakini Alhamisi walisafiri, wakapanga katika nyumba ya wageni juu ya kilima katika mji ule, na marehemu akamwambia binti yake, "Sikuja kukuhamisha, mwanangu, nimekuja kuiona bahari ikikasirika, ila baba yako anasinzia, sina wa kukaa naye dirishani." Halafu akauliza, "Na jirani yako wa chumba cha pili ana nani?" Abigail akamweleza kwamba ni bibi wa miaka themanini na mmoja, mjane, anayeishi na paka, naye marehemu akasema, "Mwambie kuna chai."

Ijumaa jioni Abigail alifika na begi moja, bibi na paka wake, bado akiamini kwamba anamfurahisha mama yake tu, na asubuhi ya Jumamosi saa mbili bahari ilikuwa ya kijivu na tulivu, mpaka bibi akaanza kuulizia koti lake arudi kwake. Saa tatu upepo ukageuka. Saa nne theluji ilikuwa haianguki tena bali inapita kwa ubavu, madirisha yakawa yanavuma, na marehemu alisimama amefunga kanga juu ya sweta, daftari mkononi, simu ikiwa imewaunganisha na kikundi kilichokuwa Hopkins, akihesabu mawimbi kwa sauti na kucheka kama msichana wa darasa la tatu, na Bwana Laurean anasema hajawahi kumwona mzuri vile, hata siku ya harusi. Saa nne na dakika thelathini na tano bahari iliruka ukuta, ikavuka barabara, ikashuka ngazi za nyumba ile ya chini, na wote wakaona kutoka kilimani maji yakifika kwenye madirisha ya Abigail na ya bibi, yakayavunja na kuingia.

Abigail, ambaye tangu utotoni alielewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, alisema, "Mama, nisamehe," naye marehemu, bila kugeuka, akamshika mkono na kumwambia, "Acha hayo, tazama kwanza, hili linalokuja ni kubwa zaidi."

Upepo ulipotulia mchana, alimkalisha na kumweleza habari za kongosho, naye Abigail akarudi Hopkins mwezi wa Machi na kumuuguza mama yake hadi mwisho, na yule bibi wa chumba cha pili, Bibi Marjorie, yupo nasi leo, amekaa pale karibu na Davis.

Marehemu alipokea matibabu kwa miezi saba, akaomba yasimamishwe mwezi wa Septemba, na Jumatano ya tarehe 8 Oktoba wenzake wa kikundi walikuja kumwona nyumbani, akamuuliza Birindwa, "Atlantiki kuna nini?" naye akafungua ramani, akamwambia kwa ukweli kwamba hakuna kitu, bahari imelala, na marehemu akasema, "Basi zimeni hiyo kompyuta, mle." Kesho yake, Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, saa nane na robo mchana, Redempta aliaga dunia, mumewe na watoto wake wakiwa wamemshika, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, na kwa matakwa yake mwenyewe atazikwa leo hapa Saint Paul.

Ameacha mume, watoto wawili, na ndugu wanne walio hai, walioko Kamachumu, Mwanza na Dar es Salaam, ambao wanatusikiliza kwa simu wakati huu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa wale waliokuja nyumbani wiki za mwisho na kukubali kupewa utabiri kila walipoaga, tunawashukuru majirani wa Hopkins kwa vyakula na kwa kusukuma theluji mlangoni bila kuombwa, wafanyakazi wenzake na madereva wa Eagan, kwaya, jumuiya ya Watanzania pamoja na ndugu zetu Wakenya na Wakongo, na kila aliyekesha nasi, kwa kuwa hatuwezi kuwataja wote, pokeeni asante zetu.

Bwana Laurean hataweza kusema, ameomba yasomwe haya aliyoyaandika kwa mkono wake: "Mke wangu, kwa miaka ishirini na mitano umeniambia kila asubuhi nivae nini. Leo nimesimama mbele ya kabati hadi Abigail akaja kunitafuta."

Redempta, binti wa Mutalemwa, umetulinda vya kutosha, sasa upumzike wewe kwa amani.