Bi Umkulthum na Mvua ya Siku Tatu

Bi Umkulthum Abrahman anastaafu Jumamosi, tarehe 28 Februari 2026, baada ya kukitumikia kituo chetu cha kilimo hapa Chake Chake kwa miaka thelathini na tano kamili. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1991 akiwa mpima mvua, na anaondoka akiwa mpima mvua. Mara mbili aliitwa apandishwe cheo aingie ofisini, na mara zote mbili aliuliza nani atapima. Hakupata jibu la kumridhisha, akabaki nje.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Saa tatu asubuhi mpimaji anafungua uzio wa waya nyuma ya kituo, anamimina maji ya kipimamvua kwenye bilauri yenye alama za milimita, anasoma, anaandika daftarini. Ugumu wake ni kwamba inafanywa kila siku, Idi na Jumatatu ni mamoja. Bi Umkulthum amepima akiwa na mimba ya miezi tisa. Amepima siku ya harusi ya mwanawe, hina mbichi mikononi, mwenziwe akimwandikia. Mwamvuli hautaki kabisa. Anasema mpima mvua anayeikimbia mvua ni kichekesho.

Madaftari yetu yana safu ya mwisho iitwayo Maelezo, ambayo wengi wetu huiacha tupu. Yeye huijaza. Tarehe 9 Juni 2003 imeandikwa: "Mbuzi wa Mzee Thuwein amekiangusha kipimo. Maji yote yamemwagika. Mbuzi hajambo." Mkaguzi mmoja kutoka Unguja alipousoma mstari huo alicheka mpaka akavua miwani.

Miaka miwili iliyopita alikuja Bi Khairat, mtaalamu wa kompyuta mzaliwa wa Kiuyu, akaomba kuyapiga picha madaftari hayo, ukurasa kwa ukurasa. Tulidhani anafanya utafiti. Kumbe anatengeneza kazi ya sanaa. Mtu anaingia chumba chenye giza, anaandika kwenye skrini tarehe yoyote tangu 1991, kama ile aliyozaliwa, na mvua iliyonyesha Pemba siku hiyo inamshukia ukutani kwa mwanga na sauti, tone kwa tone, kwa kadiri ileile aliyoiandika Bi Umkulthum. Kama siku hiyo haikunyesha, anaona ukuta mkavu.

Oktoba iliyopita kazi hiyo iliingia katika kumi bora za tuzo ya kimataifa ya sanaa inayotengenezwa kwa teknolojia ya dijitali, huko Ulaya. Bi Khairat alipiga simu, tukaiweka kwenye spika wakati wa chai. Alisema majaji wamependa zaidi zile siku tatu za Aprili 1998, tarehe 21, 22 na 23, ambazo kila moja ilipata milimita arubaini na moja barabara. Alikuwa ameziita mapacha, na mapigo yao matatu ndiyo yaliyofungua na kufunga kila onyesho. Sote tulipiga makofi isipokuwa mwenyewe. Bi Umkulthum aliweka kikombe chini.

"Mwanangu," alisema, "hizo si mvua tatu. Ni mvua moja, nimeikata mie kwa kalamu."

Akaeleza, kwa utulivu uleule anaosomea bilauri. Mama yake alifariki Kisiwa Panza siku ya Jumatatu. Alikwenda kuzika, akakaa matanga, akarudi Alhamisi alasiri. Maji ya siku tatu yalikuwa yamekaa pamoja ndani ya kipimo, milimita mia moja na ishirini na tatu. Akayagawa kwa tatu, akaandika. Safu ya Maelezo ya siku hizo aliiacha tupu.

Bwana Muntasir, mkuu wetu wa kituo, alimsihi anyamaze. Ilikuwa imebaki miezi minne astaafu, na kuandika kipimo ambacho hakikupimwa ni kosa la kinidhamu hata likiwa la kale. Tena lingeweza kuiondoa kazi ya Bi Khairat kwenye tuzo. Bi Umkulthum alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuandika barua mbili, moja ya majaji na moja ya wizara. Ya wizara ilijibiwa kwa onyo la maandishi, la kwanza katika faili lake.

Bi Khairat aliwatoa mapacha. Sasa siku zile tatu ni giza tupu lisilo na sauti, na chini yake maandishi madogo: "Mpimaji alikuwa msibani." Mwezi Disemba kazi ikapata nafasi ya pili. Majaji hawakusema kama giza ndilo lililoifikisha hapo au ndilo lililoikosesha nafasi ya kwanza. Nakala ya tuzo, bilauri nzito ya kioo, imewekwa juu ya kabati letu. Bi Umkulthum aliigeuza huku na huku akasikitika kwamba haina alama za milimita.

Desturi ya wasifu ni kwamba mwandishi hajitaji. Hapa nimeshindwa. Jumatatu ile ya 1998, kabla ya kuondoka kwenda kuzika, Bi Umkulthum aliacha ufunguo wa uzio kwa msaidizi wake mpya, mwenye miezi miwili kazini na bado yumo katika majaribio. Msaidizi huyo aliamka Jumanne akakuta mvua kubwa, akajifunika shuka. Jumatano akafanya vivyo hivyo, na Alhamisi pia. Bi Umkulthum aliporudi, macho yamemvimba kwa kulia, aliutazama ufunguo mkavu mezani, akatazama kipimo kilichojaa, akachukua kalamu. Kama angeandika ukweli katika Maelezo, ningefukuzwa kazi wiki ileile.

Hakulitaja jina langu siku ile, wala kwenye simu, wala katika barua zake. Onyo lile lilikuwa langu, na mimi nilikuwepo nikikoroga chai iliyokwisha poa. Naona aibu, na naiandika hapa ili isomwe na kila mtu. Asubuhi hii nimemkabidhi Bwana Muntasir barua yangu ya kukiri kosa. Bi Khairat naye amekubali kuongeza mstari chini ya lile giza: "Msaidizi wake, Talib Haroub, aliogopa kulowa."

Bi Umkulthum, wafanyakazi wenzako tunakushukuru kwa kila asubuhi uliyotupimia mvua, na tunakuombea kwa Mola afya njema na umri mrefu wenye raha pamoja na wajukuu zako. Jumapili mvua ikipiga batini, wewe lala. Ufunguo ninao mimi, na mara hii nitakwenda.