Nilibadilishwa kwa Mashine ya Kurusha Mipira

Familia ya Mungu, amani iwe nanyi. Aliye hai ainue mkono tumshukuru Yule aliyetuamsha leo.

Mnaona mimi nainua wa kushoto. Si dharau. Huu wa kulia unafika hapa tu, usawa wa kifua, halafu unasimama kama teksi kwenye robot ikiwaka taa nyekundu. Na ni huo mkono usiopanda ulionileta mbele yenu, kwa hiyo mnivumilie. Mama Mchungaji amenionya nisile saa ya mahubiri. Mama, nitajaribu.

Wengi mnanijua kama fundi wa simu. Kioo kikipasuka mnakuja dukani kwangu mjini na kuniomba bei ya kanisa. Lakini wachache mnajua kwamba Jumamosi mimi nacheza besiboli. Papa pale nyuma anacheka. Cheka tu, Papa, hata mama yangu kule Bukavu nilipompigia simu kumwambia, aliniuliza kama ni dawa ya kienyeji.

Nilipofika Durban sikuwa nimewahi kuuona mchezo huo. Siku moja mteja aliniletea simu iliyovunjika katikati kama biskuti. Nikamuuliza, "Hii imekanyagwa na gari?" Akasema, "Hapana, imepigwa na mpira." Nikacheka. Mpira gani unavunja simu hivi? Akanialika uwanjani nikaone mwenyewe.

Ndugu zangu, mpira wa besiboli ni mdogo, unaenea kiganjani, lakini ni mgumu kama jiwe. Mrushaji anasimama katikati ya uwanja na kuurusha kwa nguvu zake zote. Mpigaji wa timu nyingine anamngoja na fimbo. Akikosa mara tatu, anatoka. Mengine nitawaelezea baada ya ibada, maana ni marefu.

Wakanipa mpira nirushe. Sasa, mimi nimekua nikitungua mapera kwa mawe kwenye uwanja wa jirani mwenye mbwa mkali, na pale ukikosa mara ya kwanza hupati nafasi ya pili. Nikarusha. Yule aliyedaka alivua glavu, akapuliza vidole vyake, akaniuliza, "Kaka, umetoka wapi wewe?"

Hapo ndipo nilipoanza. Miaka ile ilikuwa mizuri, nisiwadanganye. Klabu yetu ya mjini ilishinda, na mwisho wa msimu mmoja nikapewa tuzo ya mrushaji bora. Kikombe chenyewe kidogo, lakini mke wangu alikiweka juu ya friji, na mgeni akija anapewa maji makusudi ili friji ikifunguliwa akione.

Halafu bega likakatika.

Ilikuwa mechi ya mwisho wa msimu. Niliinua mkono, nikarusha, nikasikia kitu ndani kinaachia kama kamba ya mzigo. Mpira ulikwenda nilikoutuma, lakini mkono haukurudi. Hospitalini daktari alinieleza kwa upole sana kwamba bega litapona kiasi cha kula, kuvaa shati na kutengeneza simu. Kurusha kutoka juu ya kichwa, hapana tena.

Huku kwetu besiboli inalala wakati wa baridi. Uwanja unakuwa kimya, lakini viongozi hawalali. Huo ndio wakati wa kusajili watu, kuachana na wengine, na klabu kubadilishana wachezaji. Mwenyekiti wetu akaniita tukanywe chai. Ni mtu mzuri, nawaambia ukweli, hata leo tunasalimiana. Alikoroga chai yake muda mrefu, na mimi nikajua. Mtu anayekoroga chai isiyo na sukari ana habari mbaya.

Akasema, "Ndugu yangu, kamati imeamua. Wenzetu wa klabu ya Pinetown wana upungufu wa wachezaji. Sisi tunahitaji mashine ya kurushia wapigaji wetu mipira ya mazoezi, na wao wanayo. Tumebadilishana."

Nikamuuliza, "Mmenibadilisha kwa mashine?"

"Usiichukue hivyo."

"Niichukue vipi?"

Akaniagizia andazi.

Leo mnacheka, na mimi nacheka. Siku ile andazi nililiacha mezani. Habari zikatangulia kufika dukani kabla yangu. Vijana wa duka la jirani wakawa wananiuliza, "Papa, leo mashine iko?" Binti yangu alikuja kunikalia magotini akaniuliza kwa huruma kabisa, "Papa, hiyo mashine inakula nini?" Nikamwambia haili kitu. Akafikiri, akasema, "Ah, ndiyo maana waliichagua."

Kwa nje nilicheka naye. Kwa ndani, ndugu zangu, nilikuwa nimeanguka. Ninyi mnajua maisha ya mgeni. Ofisini wewe ni karatasi, njiani wewe ni lafudhi. Pale uwanjani peke yake ndipo watu walipokuwa wakiniita kwa jina langu, na wakafurahi nikifika. Sasa nimepimwa uzito na chuma, chuma kikashinda. Nikaacha kwaya. Jumamosi nikawa nalala na shuka usoni mpaka mchana. Wazee wa kanisa mlikuja nyumbani, mkaambiwa nimetoka, kumbe nipo chumbani nasikiliza sauti zenu.

Mke wangu alinivumilia. Halafu uvumilivu ukamwisha. Asubuhi moja alikuwa anajitayarisha kwenda saluni, akasimama mlangoni na mkoba begani.

"Nikuulize kitu. Walikutupa au walikubadilisha?"

"Iko tofauti gani?"

"Iko tofauti kubwa. Kitu kikitupwa, hakuna anayekiokota. Kikibadilishwa, kuna mtu upande wa pili aliyesema, mimi nakitaka. Kuna mtu Pinetown ametoa mashine nzima akuchukue wewe, na bega lako hilo. Huna hata hamu ya kumwona uso?"

Akaondoka. Mimi nikabaki na lile swali. Jumamosi iliyofuata nikapanda teksi ya Pinetown.

Nikamkuta kocha wao. Ni mama wa Kizulu, fundi wa kushona katika kiwanda cha nguo, mfupi, sauti yake inavuka uwanja bila kipaza. Nikamsalimia, nikamwambia kwa Kizulu changu cha dukani nilichopanga kumwambia njia nzima: "Mama, umedanganywa. Bega langu limekufa. Kadai mashine yako."

Akasema, "Najua habari ya bega. Mwenyekiti wako hakunificha."

"Sasa mbona ulikubali?"

Akanikumbusha mechi moja. Siku ile tuliwapiga Pinetown vibaya, na mrushaji wao, baba mzima, fundi wa gereji, alikaa peke yake pembeni, taulo kichwani. Mimi wala sikuikumbuka. Kocha akasema, "Wenzako walikuwa wanaimba. Wewe ukawaacha, ukaja kukaa chini karibu na mtu wangu. Ukamwonyesha jinsi ya kushika mpira. Siku ile nikasema, huyu hata akija na mguu mmoja nitampokea. Ile mashine ilikuwa inarusha vizuri, baba, lakini haijawahi kumwambia mtu pole."

Kanisa, nililia pale. Mwanaume mzima, mbele ya mama niliyemjua kwa dakika chache. Akaniacha nimalize, kisha akanipa mipira niibebe kwa mkono mzima, akasema, "Sharp, basi. Kazi inaanza."

Akaniweka kuwafundisha warushaji. Yule fundi wa gereji alikuwa na nguvu lakini hana subira. Tukafanya kazi baridi yote. Nikarudi kwenye kwaya, nikarudi kula. Nilikuwa na furaha. Lakini nisiwafiche: kila mpira ulioondoka kwenye mkono wa mwingine, mkono wangu uliwashwa.

Sasa sikieni Mungu alivyo. Kuna mama wa hapa hapa kanisani, anauza mboga soko la Warwick. Sitamtaja, lakini anajificha uso kwa kitambaa cha kijani. Asubuhi moja bakkie, pikapu ya kabichi, ilikuwa imesimama vibaya, askari wa barabarani wanampigia kelele dereva aondoke, na wabebaji hawatoshi. Mimi napita kwenda dukani. Akaniita, "Ndugu, saidia!" Wanaume wamejipanga mstari, wanarushiana kabichi kutoka garini mpaka mezani. Nikaingia katikati. Ya kwanza ikanijia, nikaidaka. Nifanye nini? Juu siwezi kuinua, na nyuma yake nyingine inakuja. Basi nikainama upande, nikaitupa kutoka kiunoni, mkono ukipita chini karibu na goti.

Ile kabichi iliruka kama imeitwa. Ikampiga mwenzangu kifuani, akarudi nyuma. "Eish, baba! Polepole!"

Nikasimama. Nikangoja maumivu. Hayakuja. Nikatupa nyingine kutoka chini, na nyingine. Bega kimya kabisa! Nikaanza kupiga kelele, "Haliumi! Haliumi!" na kabichi zinaruka, na huyu mama wa kitambaa cha kijani anakimbia huku na huku, "Ndugu, unaniharibia mali! Yesu, amepata wazimu!" Mama, nisamehe. Zile zilizopasuka tulizila nyumbani wiki nzima.

Nilikwenda kwa daktari kwanza, sikujifanya shujaa. Alinigeuza mkono huku na huku, akasema njia hiyo ya chini haigusi pale palipochanika, niende taratibu. Nikaenda taratibu. Nikarusha ukutani, kisha kwa fundi wa gereji, kisha kwa kila aliyekubali. Mpira ulikuwa na tabia mpya. Ulianzia chini kwenye nyasi, ukapanda kuelekea mpigaji kama ndege anayeruka.

Kabla ya msimu kufunguliwa kamati ya Pinetown ikakaa. Wengine walisema, mwalimu abaki mwalimu, hii ya kurusha kutoka gotini itatufanya tuchekwe mbele za watu. Kocha akasimama. Aliwaambia, "Mwandikisheni kama mchezaji. Akituaibisha, mtafute kocha mwingine, mimi nitarudi kukaa na watazamaji." Aliweka nafasi yake juu ya mkono wangu huu. Nilimwambia, "Mama, usifanye hivyo." Akasema, "Nimeshafanya. Nenda kalale."

Mechi ilikuja dhidi ya wale wale wa zamani, klabu ya mjini. Tulikuwa mbele kidogo tu, mwishoni, fundi wa gereji amechoka, na watu wao wamejaa uwanjani tayari kufunga. Kocha akaniita: nikiwatoa wapigaji watatu, mechi imekwisha. Nikaenda kusimama pale katikati. Nikamwona mwenyekiti wangu wa zamani upande wa pili. Nikamwona mke wangu amesimama juu ya kiti, na kiti si chake.

Wale wapigaji walikuwa hodari. Lakini walikuwa wamefanya mazoezi baridi yote na ile mashine, na mashine inarusha kutoka juu, njia ile ile kila siku. Mpira wangu wa kwanza ukaja kutoka chini. Mpigaji alipiga hewa, akageuka kumtazama mwamuzi kama anayeuliza, "Hiyo inaruhusiwa?" Inaruhusiwa! Akapiga hewa tena. Na tena. Akaja wa pili, akatoka. Wa tatu aliugusa mpira, ukapanda juu mbele yangu mimi mwenyewe, nikaudaka hewani kwa glavu ya mkono huu wa kushoto, naye akatoka, na sikumbuki vizuri kilichofuata kwa sababu nilikuwa chini, timu nzima juu yangu, na sauti ya kocha inasema, "Bega lake! Mtaliua bega lake!"

Haleluya? Amina.

Mwisho wa msimu wakatoa tuzo kwenye ukumbi mjini. Walipomwita mrushaji bora, hawakuniita mimi. Walimwita fundi wa gereji. Ndugu zangu, nilishawahi kushika kikombe kile, lakini sikuwahi kukifurahia kama nilipokiona mikononi mwa mwenzangu. Alifika mbele, akaninyooshea kidole ukumbi mzima ukione. Nami nikashindwa kukaa.

Kisha mwenyekiti wa zamani akanifuata kwenye chakula. Akaniambia, "Tulikosea. Rudi kwetu." Nikamshika mkono, nikamwambia, "Aksanti, Papa. Hamkunikosea, mlinipeleka mahali pangu. Lakini nimeshatia sahihi Pinetown." Safari hii chai nilinunua mimi.

Sasa nishukuru, Mama Mchungaji ameanza kutazama saa. Namshukuru daktari. Namshukuru mama wa kabichi. Ninyi wazee mliogonga mlango wangu mkaambiwa nimetoka, na mkarudi tena, Mungu awakumbuke. Kocha wangu nilimwalika, yupo nyuma pale karibu na dirisha, na hajui neno moja la Kiswahili, kwa hiyo mpigieni makofi ajue tunamsema yeye.

Na yeyote aliyeondolewa mahali, kazini, au hata nyumbani kwa mtu, nakuachia neno moja: usikae ukimtazama aliyekuachia mkono mpaka ukashindwa kumwona anayekunyooshea wake. Ondoa shuka usoni. Panda teksi uende ukamwone.

La mwisho kabisa. Sasa ni baridi tena, usajili umefunguliwa. Pinetown wanaanzisha timu ya wanawake, na juzi kocha alikuja nyumbani na karatasi ya mkataba. Nikatafuta kalamu, nikavaa miwani. Akanipita. Akaenda jikoni.

Mke wangu, simama wakuone. Simama, usione aibu! Kanisa, huyu ndiye mrushaji wetu mpya. Kocha anasema mtu anayeweza kurusha swali vile kutoka mlangoni, mkono wake hauwezi kukosa. Mimi nimepewa kazi ya kubeba maji.

Mchezo wa kwanza mtatangaziwa. Njooni na vifijo. Kwaya, tafadhali, tupandishieni wimbo ule wa furaha.