Mgeni na Njia Mbovu ya Karakana

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Huu ndio muda wetu wa kuwakumbuka waliotutangulia, na leo nimeingia studio nikiwa sijui nianzie wapi. Si kawaida yangu. Mnanijua, mdomo wangu hauna breki. Lakini tangu tulipomzika fundi huyu siku ya Jumanne, kichwa kimenivurugika. Nitawasimulia kama nilivyoambiwa, na pale nisipoelewa nitasema sielewi. Nina sababu nyingine pia. Mara mbili, kwenye kipaza sauti hiki hiki, nilimharibia marehemu kazi yake. Leo nataka kutengeneza nilichoharibu.

Marehemu alikuwa fundi wa miguu ya bandia. Alifanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye karakana ile iliyo nyuma ya hospitali. Narudia, miaka ishirini na miwili, karakana moja, meza moja, ile ya dirishani. Moyo ulimsumbua kwa wiki tatu tu, akafariki akiwa na miaka hamsini na minane. Ameacha mjane na mabinti wawili.

Wenzake walimwita Mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilishika siku ya kwanza, ila ugeni haukumtoka. Mwaka wa ishirini bado alikuwa anabisha hodi kabla ya kuingia chumba cha chai. Anaingia, anachukua kikombe chake cha bluu, kile kilichomeguka mkono, anarudi mezani kwake. Salamu aliitikia vizuri. Ukimwuliza habari za nyumbani atasema nzuri, atatabasamu, na mazungumzo yamekwisha. Unabaki umesimama na kijiko mkononi.

Msimamizi wa karakana ni mama mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Aliniambia hivi: "Mwanzoni nilidhani ananidharau. Kila Jumatatu tuna mkutano. Namwuliza, fundi, wewe unaonaje? Anatazama dari. Sisi sote tunangoja. Halafu anasema, sijui bado. Sijui bado! Basi nakasirika mpaka Jumatano. Jumatano nikifika nakuta jibu liko mezani kwangu, limeshatengenezwa kwa mbao na ngozi, na linafanya kazi."

Mwaka mmoja alikuja mtaalamu wa kuwapima wafanyakazi tabia, ili ijulikane nani ni mtu wa aina gani. Kila mmoja alipewa karatasi yenye maswali arobaini. Mgeni alijibu moja tu. Swali liliuliza: unapenda kufanya kazi na wenzako au peke yako? Akaandika: "Inategemea mguu." Mtaalamu alimweka kwenye fungu la watu wapole wenye ndoto nyingi, akashauri wasisumbuliwe sana. Msimamizi anasema walicheka wiki nzima. Mimi pia nilicheka nilipoambiwa. Kisha nikajiuliza, kwani si kweli?

Maana Mgeni alikuwa na imani yake. Kwa mafundi wengine, mguu umekamilika mteja akiweza kusimama. Kwa Mgeni, mguu haujakamilika mpaka mwenyewe ausahau. Asahau kabisa kwamba anao, akurupuke kufungua mlango sufuria ikiwa jikoni. Wenzake walimwambia hizo ni ndoto za mchana. Yeye akaendelea kupiga msasa. Mara mbili alipewa ukuu wa mafundi, mara mbili akakataa. Alisema mkuu hutazama mafundi, sasa miguu itatazamwa na nani?

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nafika pale panaponiuma.

Miaka saba iliyopita nilipokea barua kutoka kwa fundi cherehani mmoja, mwanamke anayetembea kwa mguu wa bandia. Aliandika kwamba kuna mwanamume anamfuata. Akitoka sokoni yuko nyuma. Akikata kona naye anakata. Hamsemeshi, hamkaribii, anatazama chini tu. Niliisoma barua ile hapa, neno kwa neno, kwa sauti yangu ya hasira. Sikumtaja mtu. Lakini mtaa una macho, na kufika mchana kila mtu alijua ni Mgeni.

Yule mama alikuwa na haki ya kuogopa, hilo sitalipinga. Mtu akikufuata kimya kimya, utajuaje ana nia gani? Karakana ilimwita Mgeni mbele ya kikao. Msimamizi alimwuliza, "Fundi, ulikuwa unamfuata?" Akajibu, "Ndiyo." "Kwa nini?" Akatazama dari. Safari hii hakusema hata sijui bado. Walimhamishia stoo, akawa anahesabu skrubu na mikanda kwa miezi mitano. Hakulalamika, na wala hakuja hapa studio kujitetea. Mlango wetu uko wazi, na kutoka karakana ni mwendo wa dakika kumi. Sielewi.

Miguu ikaanza kurudi. Huyu analalamika goti, yule nyonga. Msimamizi akamrudisha mezani. Mgeni akaomba kitu kimoja tu: "Naomba ile njia ya kutokea niitengeneze mimi." Karakana ina mlango wa mbele, ulio sawa, wateja wanaingilia huo. Wakishavaa mguu mpya wanatokea upande wa pili, kwenye njia fupi inayopita chini ya dirisha la Mgeni. Msimamizi akamruhusu. Mgeni akafanya kazi siku za mapumziko, na alipomaliza njia ilikuwa mbovu kuliko mwanzo! Hapa kokoto, pale mchanga, halafu ngazi mbili zisizolingana, halafu kipande kimeinamia kushoto. Kitu pekee kilichokaa vizuri kilikuwa bomba la chuma la kushikilia pembeni.

"Nilidhani fundi wa miguu si fundi wa njia," msimamizi aliniambia. "Nikaona nisimvunje moyo."

Mnakumbuka mwaka juzi nilifanya kipindi kuhusu barabara mbovu? Nilikwenda pale na kipaza sauti. Nikasimama kwenye kokoto zile nikafoka. Nikasema ni aibu, watu wenye miguu ya bandia kupitishwa njia ya mbuzi! Nikasema nani mwenye roho ngumu namna hii! Mgeni alikuwa dirishani, hatua tatu kutoka niliposimama. Nilimwona. Alinitazama viatu. Wiki iliyofuata wakaja watu na mashine, zege likamwagwa, njia ikawa laini kama meza. Mkanipigia simu kunipongeza. Nami nikapokea pongezi, sikatai.

Jumanne, baada ya mazishi, nilikwenda kumpa mjane pole. Chumba chao cha mbele ni kidogo. Kuna makochi mawili, na rafu ya viatu mlangoni, iliyopangwa vizuri kuliko vitabu vya mwalimu. Binti mkubwa aliona naitazama. "Baba alikuwa anasoma soli zetu," akasema. "Siku niliyokataliwa kazi sikumwambia mtu. Nilizunguka mjini mchana kutwa, nikarudi nikasema nimechoka tu. Asubuhi nikakuta viatu vyangu vimewekwa visigino vipya. Nililia pale pale mlangoni."

Nikamgeukia mjane. Nikasema, mama, nisamehe, lakini lazima niulize. Kwa nini alikuwa anamfuata yule fundi cherehani?

Akanishangaa. "Hukujua? Mguu ulikuwa unamuumiza."

"Alimwambia?"

"Aa, mwanangu. Alimwambia haumuumizi. Wote husema hivyo. Pale karakana mtu anajua anatazamwa, anabana meno, anatembea vizuri ili asimuudhi fundi. Akifika barabarani ndipo anachechemea. Mume wangu alisema, wakijua natazama, wananidanganya kwa adabu."

Nikaitazama tena ile rafu ya viatu.

"Basi baada ya ile barua yako akaona haya sana," akaendelea. "Akasema, nimemtisha mtu asiye na kosa. Hakumfuata mtu tena. Ndipo akajenga ile njia, ili apate kuwaona wakiwa wanatoka. Mtu akikanyaga kokoto anasahau adabu. Alikuwa anaona goti, anaona kiuno, anaandika. Mteja akija tena, mguu unarekebishwa kabla hajalalamika."

Msimamizi alikuwa kwenye kochi la pili. Nilimwona anaweka kikombe chini polepole. Naye alikuwa hajui. Miaka ishirini na miwili pamoja, na alikuwa hajui.

Wasikilizaji wapendwa, nilipandwa na hasira, na sijui hasira ya nani. Nikasema, mama, si angeniambia? Neno moja tu! Ningeomba radhi siku ile ile. Ningelinda ile njia kwa mikono yangu!

Mjane alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa shati kinyume. "Akwambie wewe? Wewe si ungetangaza?"

Nikamwuliza alisema nini siku walipomwaga zege. Mjane akasema alirudi, akavua viatu, akasema, "Wameisawazisha." Basi. Na asubuhi yake akafungua redio akanisikiliza, kama kila siku. Kumbe alikuwa msikilizaji wangu! Alikuwa anamwambia mkewe, "Huyu anasema kila kitu. Anapata wapi nguvu?" Mimi nilikuwa nauliza huyu anapata wapi nguvu ya kunyamaza. Tulishangaana miaka yote, dakika kumi baina yetu.

Na yule fundi cherehani alikuwepo mazishini. Alinishika mkono, macho mekundu. "Wiki mbili baada ya barua yangu, karakana iliniita nipunguziwe kisigino," akasema. "Maumivu yakaisha. Nilidhani ni bahati tu. Yeye alikuwa stoo. Nani aliwaambia wanipunguzie?" Hakuna aliyejua. Msimamizi anakumbuka tu kikaratasi kisicho na jina, kilichokutwa mezani siku ya Jumatano.

Sasa nawashauri nini? Nilidhani nitakuja hapa na jibu. Kazini kwako yupo mmoja. Hasemi mkutanoni, mnamwita jina la utani, mnadhani anaringa au ana kinyongo. Huenda ana kinyongo kweli, mimi nitajuaje? Lakini huenda anangoja Jumatano yake. Mwachie nafasi kabla hujamhukumu. Na wewe unayenyamaza, ndugu yangu, nakuomba, tupe hata neno moja. Sisi wenye midomo hatusomi soli.

Kwa mjane na mabinti wake wawili, kwa msimamizi na mafundi wote wa karakana, poleni sana. Mungu awape subira, na ampumzishe fundi wetu mahali pema.

Na sasa lile la kutengeneza nilichoharibu. Msimamizi ameniambia fundi mpya amekalia meza ya dirishani, na anaitaka ile njia irudi. Jumamosi saa tatu asubuhi tunavunja zege. Njooni na nyundo, njooni na mabeleshi, nami nitakuja na gari la kokoto. Tutarudisha ngazi zisizolingana, tutarudisha kile kipande kinachoinama, na fundi mpya atakaa pale dirishani kama Mgeni alivyokaa, awatazame wateja wakitoka bila wao kujua kwamba...

Bila wao kujua.

Wasikilizaji wapendwa, chumba cha kungojea cha karakana ile kina redio. Iko juu ya kabati la kijani, niliiona kwa macho yangu. Inashika stesheni yetu tu. Saa hizi wateja wamekaa pale wakingoja miguu yao, na wengine mko majumbani mmeshaivaa, na wote mmenisikia.

Mama, ulisema ningetangaza. Nimetangaza. Mara ya tatu hii namharibia.

Sijui sasa nifanye nini. Maneno hayarudi mdomoni. Basi nawaomba ninyi mnaotembea kwa miguu aliyotengeneza, na mtakaotembea kwa ile atakayotengeneza mwenzake. Mkipita chini ya dirisha lile, msijikaze kwa ajili ya mtu. Tembeeni kama mnavyotembea nyumbani mlango ukiwa umefungwa. Kama unauma, chechemea.